Goti la Mgeni Katika Baraza Letu

Aghalabu wanaoandika juu ya utamaduni wetu huanza na ngoma, wakaendelea na hadithi, methali na mavazi, na mwishoni kabisa, karatasi ikiwa imebaki, wakaitaja michezo. Hata hapo huitaja bao na mieleka, nayo kandanda huiacha mlangoni kwa hoja kwamba ililetwa na wageni. Hoja hiyo haitutoshi. Cherehani nayo ililetwa na wageni, wala hapana asemaye kwamba kanzu iliyoshonwa kwayo si vazi letu. Kandanda yaweza kuwa ilitoka Uingereza, lakini namna ya kuibishania haikutoka huko. Ubishi wa mpira tulio nao, wenye taratibu zake, utani wake, heshima zake na ukali wake, tumeufinyanga wenyewe katika mabaraza ya kahawa, tangu siku zile Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936 na ambayo hadi mwaka 1971 ilichukua jina la mji wa Kiingereza wa Sunderland, zilipoanza kuugawa mji wa Dar es Salaam pande mbili.

Ubishi tunaotaka kuusimulia hapa ulihusu goti. Halikuwa goti la mchezaji wa Simba wala wa Yanga, jambo ambalo lisingehitaji maelezo. Lilikuwa goti la kijana wa Kibrazili aliyeumia katika mji wa Uingereza ambao hapana mmoja wetu aliyepata kuukanyaga. Kwa zaidi ya mwaka mzima goti hilo lilizungumzwa katika baraza letu la Magomeni kana kwamba ni la jirani wa nyumba ya tatu.

Tarehe 1 Januari 2020 klabu ya Aston Villa ilikwenda kucheza na Burnley katika uwanja wa Turf Moor. Mshambuliaji wa Villa, Wesley Moraes, akafunga bao la kwanza. Baadaye, katika mchezo ule ule, akagongana na mlinzi, akaanguka, akatolewa nje asirudi tena. Villa ilishinda kwa mabao 2 kwa 1, lakini ilimpoteza mfungaji wake pamoja na mlinda mlango wake, Tom Heaton, ambaye naye aliumia goti siku hiyo hiyo. Haikupita muda ikatangazwa kwamba kano za goti la Wesley zimekatika na kwamba msimu wake umekwisha. Kijana huyo, mzaliwa wa Juiz de Fora katika jimbo la Minas Gerais, alikuwa amenunuliwa miezi sita tu nyuma kutoka Club Brugge ya Ubelgiji, kwa bei ambayo Villa haikupata kumlipia mchezaji yeyote kabla yake. Mwezi wa Novemba 2019 alikuwa amevaa jezi ya taifa lake kwa mara ya kwanza. Ndipo goti likakatika.

Villa ilikuwa ikipigana isishuke daraja. Ilihitaji mshambuliaji, na ilimhitaji upesi. Tarehe 20 Januari ikamsajili Mbwana Samatta kutoka Genk, klabu nyingine ya huko huko Ubelgiji, kwa bei isiyofikia nusu ya ile aliyonunuliwa Wesley.

Kwa msomaji kijana huenda ikafaa tueleze kwa nini habari hiyo iliwafanya watu wazima waache kahawa ipoe. Timu yetu ya Taifa ilishiriki fainali za Mataifa ya Afrika mwaka 1980 kule Lagos, kisha ikakaa miaka 39 bila kufika tena, hadi Misri mwaka 2019. Katika miaka hiyo tulizoea kuwa watazamaji. Majirani zetu wakitaja majina yao yaliyovuma Ulaya, sisi tulitaja uzuri wa nchi. Huyu kijana wa Mbagala alikuwa amepita Simba, akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011, akatwaa nayo ubingwa wa vilabu vya Afrika mwaka 2015, na mwanzoni mwa mwaka 2016 akatawazwa kule Abuja kuwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wale wanaocheza ndani ya bara. Genk alitwaa nayo ubingwa wa Ubelgiji mwaka 2019, na mwezi wa Novemba mwaka huo akaifunga Liverpool katika uwanja wake wa Anfield. Hata hivyo, kwa watu wa baraza, yote hayo yalikuwa ni ngazi. Ligi ya Uingereza ndiyo iliyojaza mabanda ya kuonyeshea mpira, yale ambayo vijana huyaita vibanda umiza, na katika ligi hiyo hakupata kuonekana Mtanzania hata mmoja. Tarehe 1 Februari 2020, Villa ilipocheza na Bournemouth, Samatta alifunga. Villa ilishindwa siku ile, mabao 2 kwa 1, lakini hatukumsikia mtu yeyote Magomeni akiutaja ushinde huo. Tarehe 1 Machi akafunga tena kwa kichwa, pale Wembley, katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Fainali hiyo nayo Villa iliipoteza kwa mabao hayo hayo 2 kwa 1, na safari hii nayo kelele za furaha zilisikika mpaka barabara ya Morogoro.

Lakini furaha ya maskini huwa na jicho la pembeni. Hata kabla ya Wembley, kijana mmoja mwendesha bodaboda, ambaye huegesha pikipiki yake mbele ya baraza akisubiri abiria, alikuwa amekwisha kuuliza swali lililotuweka pabaya: “Wazee wangu, na yule Mbrazili akipona?”

Inafaa tulieleze baraza lenyewe, maana wapo walimu watakaosoma maneno haya wakiwa katika miji isiyo na mabaraza ya namna hii. Ni mabenchi mawili ya mbao mbele ya duka la fundi cherehani. Muuza kahawa hufika baada ya sala ya alasiri na birika lake la shaba na kijiko cha mkaa chini yake, vikombe vidogo katika ndoo ya maji, na kashata katika sahani iliyofunikwa. Bao huchezwa upande mmoja na drafti upande mwingine. Kila mtu ana mahali pake, wala hapana aliyepangiwa. Kuna mwalimu wa sekondari afundishaye biolojia. Kuna dereva wa daladala. Kuna mpiga chapa mstaafu. Kuna mama auzaye vitumbua kando, ambaye hajakaa benchini hata siku moja wala hajakosa neno la kusema. Mwenye duka, fundi mwenyewe, ni mzee wa miaka sabini na kitu. Hukanyaga cherehani yake kwa mguu wa kushoto peke yake, kwa kuwa goti la kulia halikunji.

Swali la kijana lilizaa pande nyingi kuliko mbili, na hilo ndilo jambo la kwanza la kutazamwa katika ubishi wa baraza. Mgeni akipita atadhani watu wanagombana Simba na Yanga. Katika jambo hili mipaka hiyo ilivurugika kabisa. Watu wa Simba walidai kwamba Samatta ni wao, kwa kuwa alivaa nyekundu na nyeupe kabla ya kuvuka mpaka. Watu wa Yanga, ambao wasingeweza kumpongeza mtu wa Msimbazi wakiwa macho, waligundua ghafla kwamba kijana huyo ni mali ya taifa zima na kwamba kumwita wa Simba ni ubaguzi. Tulicheka sana siku hiyo. Baada ya kicheko, hata hivyo, watu wa pande zote mbili walijikuta wakihesabu miezi kwa vidole.

Dereva wa daladala alikuwa wa kwanza kutoa hesabu. Yeye ni shabiki wa Brazili tangu utotoni, hivyo moyo wake ulikuwa umepasuka sehemu mbili, na alizungumza kama mtu mwenye ndugu katika kila timu. Alitukumbusha habari za Ronaldo, yule wa Brazili. Mwezi wa Novemba 1999, akiichezea Inter ya Milano, Ronaldo aliumia kano ya goti, akapasuliwa. Akangojwa miezi mitano. Italia nzima ilihesabu siku. Tarehe 12 Aprili 2000, katika fainali ya Kombe la Italia dhidi ya Lazio mjini Roma, akaingizwa kipindi cha pili, na uwanja ukasimama kumpokea. Hazikupita dakika kumi. Alikimbia na mpira kuelekea langoni, hakuguswa na mtu, akaanguka ameshika goti lile lile, akilia. Safari hii kano ilikatika kabisa. Ilimgharimu zaidi ya mwaka mwingine. “Kwa hiyo,” dereva akahitimisha, “goti halirudi kwa tarehe ya kwenye karatasi. Huyo Wesley msimhesabu mpaka mwakani.”

Kijana wa bodaboda akajibu papo hapo kwamba Ronaldo huyo huyo alifunga mabao 8 katika Kombe la Dunia la mwaka 2002, mawili yakiwa katika fainali dhidi ya Ujerumani pale Yokohama, na kwa hiyo goti linaweza kurudi likiwa na makali kuliko mwanzo. Twakiri kwamba kijana alikuwa amezaliwa baada ya fainali hiyo, na alizungumza kana kwamba alikuwa mshika bendera wa pembeni. Katika baraza hilo si kosa. Anayejua tarehe ana haki sawa na aliyekuwapo.

Hapo ndipo mwalimu wa biolojia alipoweka chini kikombe chake. Alichukua vijiti viwili vya kiberiti, akavipishanisha. Ndani ya goti, alieleza, zipo kano mbili zilizokingamana kama vijiti hivyo. Moja huuzuia mfupa wa muundi usitelezee mbele, nyingine huuzuia usirudi nyuma. Mtu atembeaye sokoni anaweza kuishi bila ile ya mbele asijue sana. Anayekimbia mstari mmoja naye huweza. Lakini mchezaji hakimbii mstari mmoja. Hukimbia, husimama ghafla, huukita mguu chini na kuuzungusha mwili juu yake, na hapo ndipo kano hiyo inapobeba mzigo wote. Ikikatika haijiungi yenyewe vya kutosha. Madaktari huchukua kano nyingine, mara nyingi kutoka nyuma ya paja au mbele ya goti, wakaipandikiza mahali pake. Jambo lililotushangaza ni hili: kano iliyopandikizwa hulegea kwanza kabla ya kukaza. Mwili huishughulikia polepole, kama mkulima anayeuzoeza mche udongo mgeni. Katika majuma ya mwanzo mgonjwa huanza kujisikia vizuri, maumivu hupungua, uvimbe hushuka, naye hudhani amepona; na kumbe hapo ndipo kano ilipo dhaifu kuliko siku nyingine. Wanaorudi uwanjani kabla ya miezi tisa kutimia hujitonesha zaidi kuliko wanaosubiri.

“Kwa hiyo maumivu siyo kipimo?” akauliza mpiga chapa.

“Siyo, mzee wangu. Maumivu yakiisha, kazi ndiyo kwanza imeanza.”

Fundi cherehani hakusema neno. Aliendelea kukanyaga.

Katika mabaraza yetu hoja ya sayansi haikai peke yake muda mrefu. Palikuwa na mtu aliyedai kwamba magoti mawili ya timu moja, la mfungaji na la mlinda mlango, hayakatiki mchana mmoja bila mkono wa mtu. Alinong’ona neno ambalo wapenzi wa mpira nchini wanalifahamu: kamati ya ufundi. Msomaji asiyejua atadhani ni kamati ya makocha. Katika lugha ya viwanjani kwetu jina hilo la heshima limefunika, kwa miaka mingi, kazi za waganga, mayai yanayovunjwa langoni, na timu zinazoruka ukuta zisipite mlango uliopangwa. Hatuoni sababu ya kulificha jambo hili katika kitabu cha utamaduni kwa kuwa halipendezi. Lipo, na hasara yake kubwa ni kwa majeruhi. Mchezaji aliyeambiwa kwamba goti lake limetupiwa kitu hatafuti daktari wa mifupa. Na akirudi kutoka kwa mganga na hirizi kiunoni, kano yake ingali imekatika vile vile.

Tulikaribia sasa mahali pagumu pa ubishi. Jioni moja ya mwezi wa Februari kijana wa bodaboda, akiinua mikono kwa mzaha, alisema: “Mungu amponye Mbrazili wetu. Lakini amponye taratibu.” Watu walicheka. Lilikuwa neno tamu, na kwa siku kadhaa lilikuwa salamu ya baraza. Mtu akija huambiwa, “Habari za goti?” naye hujibu, “Linapona taratibu.”

Neno hili tumelitafakari sana, na hukumu yetu ni kwamba halikuwa utani, ingawa lilivaa nguo za utani. Utani, kama tulivyoupokea kwa wazee, ni deni la pande mbili. Mtani hukuvunjia heshima mbele ya watu, lakini ukifiwa yeye ndiye anayeshika jembe la kaburi. Hufanya dhihaka mbele ya maiti na kuosha vyombo vya matanga. Mtu wa Yanga akimwombea mfungaji wa Simba aendelee kulala kitandani, wote wawili wanajua kwamba kesho watakutana kwenye foleni moja ya hospitali, na kwamba neno litajibiwa kwa neno. Yule Mbrazili hakuwa mtani wetu. Hakuweza kutujibu, hakutusikia, na sisi hatukuwa na jembe la kumshikia. Dhihaka isiyoweza kurudishwa ni kitu kingine, na Kiswahili kina jina lake: inda.

Aliyeukata mzaha huo hakuwa mwalimu wala mpiga chapa. Mama wa vitumbua, akigeuza vitumbua vyake katika chungu bila kututazama, aliuliza: “Na huyo mtoto ana mama?” Dereva akaeleza alichokuwa akikijua: kwamba kijana huyo alifiwa na baba akiwa na umri wa miaka tisa, na kwamba kabla ya kufika Ubelgiji alipitia klabu ya Trenčín kule Slovakia. Mama akasema, “Haya,” akaendelea na kazi yake. Salamu ya “taratibu” iliendelea siku mbili tatu, kisha ikapotea pasipo mtu kuikataza.

Tunafika kwa fundi. Tulikwisha kujua kwamba alicheza mpira ujanani. Kila mzee wa Magomeni alicheza mpira ujanani, ukimsikiliza yeye. Jambo ambalo wengi wetu hatukulijua ni goti. Kijana wa bodaboda alikuwa na mazoea ya kuitoa simu yake na kuonyesha picha ya lile tukio la Turf Moor, likirudiwa mara tatu, mara nne, polepole, watu wakiguna. Siku moja akamletea fundi. Fundi akageuza uso. Kijana akasisitiza, kwa adabu: “Tazama hapa babu, mguu unavyokwenda.” Ndipo mzee aliposema, “Najua unavyokwenda, mjukuu wangu. Uweke simu yako.”

Habari aliyotupa tunaiandika kama tulivyoisikia, bila kuitaja timu. Katikati ya miaka ya 1970 alikuwa mshambuliaji wa timu moja ya mkoani. Enzi hizo mpira ulikuwa wa ridhaa. Mchezaji alikuwa karani, au mpakuzi wa mizigo, au kama yeye, mshonaji katika kiwanda, na malipo ya bao yalikuwa ni kupewa mkono na kununuliwa soda. Aligongwa goti katika mazoezi. Likavimba kama boga. Alikandwa kwa maji ya moto na chumvi, akachuliwa mafuta, akafungwa kitambaa. Hapakuwa na mtu wa kulipiga picha ndani. Baada ya majuma sita uvimbe ulishuka, akaanza kutembea bila fimbo, na habari zikaenea kwamba amepona. Palikuwa na mchezo mkubwa siku ya Jumapili.

Ijumaa usiku walikuja nyumbani kwao wapenzi wa timu, watu wazima sita, wamevaa kanzu na kofia kama waendao kuposa. Hawakuja mikono mitupu. Walileta sukari, na khanga doti moja kwa mama yake. Wakakaa mkekani. Wakaongea habari za mvua, habari za bei ya nazi, kisha aliye mkubwa wao akasema: “Mwanetu, hatukuja kukulazimisha. Mji umetutuma kukuomba.” Fundi alitusimulia maneno hayo taratibu, kama mtu anayepima kitambaa. Alikuwa na miaka ishirini na mbili. Nani wa rika hilo ambaye mji ukimwomba atasema hapana mbele ya mama yake na khanga ikiwa pajani?

Alicheza. Kwa dakika ishirini za mwanzo, alisema, hakupata kujisikia mwepesi kama siku ile. Alikimbia mstari ulionyoka na watu waliimba jina lake. Kisha mpira ulimjia kwa nyuma, akaukita mguu wa kulia ili ageuke. “Mwili uligeuka,” alisema. “Goti lilibaki linatazama kule kule.”

Mpiga chapa alimwuliza kama wale wazee sita walikuja tena kumjulia hali.

“Walinibeba wenyewe hadi nje ya uwanja, mabegani,” akajibu fundi. “Wakanilaza chini ya mwembe, vizuri kabisa. Kisha wakarudi kutazama mpira.”

Hakuwalaumu. Hili lilitushangaza kuliko goti lenyewe. Alisema kwamba walimpenda, na angali anaamini hivyo. Mmoja wao ndiye aliyemkopesha fedha za cherehani ya kwanza. Alilolikataa ni neno moja tu lililokuwa likisemwa barazani kwetu kila jioni, kwamba mashabiki ndio wajuao mchezaji akiwa tayari. “Sisi twajua lini tunamhitaji,” alisema. “Hayo ni mambo mawili.” Na juu ya Wesley akasema kwamba hakuwa na dua ya haraka wala ya taratibu. Alitaka kusikia tu kwamba hapana mtu aliyekwenda kwake Ijumaa usiku.

Mwezi wa Machi ugonjwa wa korona ulisimamisha kila kitu. Ligi ya Uingereza ilisimama, yetu nayo ikasimama, na mabenchi ya baraza yakakaliwa na watu wawili wawili, kila mmoja pembeni yake. Tarehe 17 Juni Uingereza ilirudi uwanjani pasipo watazamaji, na mchezo wa kwanza kabisa ulikuwa wa Villa na Sheffield United, uliokwisha bila bao. Samatta alicheza, lakini mabao hayakuja. Tarehe 26 Julai, siku ya mwisho, Villa ilitoka sare ya 1 kwa 1 na West Ham na kujiokoa kwa pointi moja tu. Tulishangilia kujiokoa huko kama ubingwa, tukiamini kwamba kijana wetu sasa amepata nyumba ya kudumu, mradi tu yule Mbrazili achelewe.

Basi tazama jinsi mambo yalivyokwenda. Mwezi wa Septemba 2020, goti la Wesley likiwa bado mikononi mwa madaktari, Villa ilimnunua Ollie Watkins kutoka Brentford. Kabla mwezi haujaisha Samatta alikuwa amepelekwa Uturuki, kwa Fenerbahçe, akiwa ameifungia Villa bao moja katika michezo 14 ya ligi. Hakusukumwa na majeruhi. Barazani palikuwa kimya jioni ile. Wapo waliomlaumu kocha, wapo waliosema kwamba mipira haikumfikia, na sisi twaona kwamba hawa wa pili walikuwa na sehemu ya haki. Fundi alisema sentensi moja, huku akitoa uzi sindanoni: “Mlikuwa mnamchunga mgonjwa, kumbe aliyekuja ni mzima.”

Wesley alirudi uwanjani mwezi wa Aprili 2021, akitokea akiba, baada ya miezi kumi na mitano. Habari hiyo, ambayo mwaka mmoja nyuma ingevunja vikombe, ilipita barazani kama basi lisilo letu. Watu walikuwa wakibishania washambuliaji wa Simba na Yanga, na zamu ya goti ilikuwa ya mtu mwingine. Villa nayo ilikuwa na Watkins, na haikumhitaji sana. Mwezi wa Agosti akarudishwa kwa mkopo kule kule Club Brugge alikotoka. Siku chache baadaye Samatta naye akapelekwa kwa mkopo Antwerp. Hivyo miezi ya mwisho ya mwaka 2021 iliwakuta wote wawili katika ligi moja ya Ubelgiji, ile waliyoiacha kwa shangwe.

Kijana wa bodaboda ndiye aliyetuletea habari za kurudi kwake, zile za Aprili. Alizisoma kwenye simu kwa sauti, hakuna aliyeinua kichwa kutoka kwenye drafti. Fundi alisimamisha cherehani. Akauliza kama ipo picha. Kijana, akikumbuka siku ile nyingine, alisita kidogo kabla ya kumpa. Mzee akavaa miwani yake ya kushonea, akaishika simu mbali na uso, akatazama vipande vichache vya mchezo ambavyo ndani yake Mbrazili aligusa mpira mara mbili au tatu, wala hakufunga. Akaomba kirudiwe kipande kimoja, ambapo mshambuliaji anaupokea mpira akiwa amelipa mgongo lango, na kugeuka.

“Anaukita mguu,” akasema. Akarudisha simu, akaomba kahawa.